Miezi Sita ya Mnara

Siku hizo nilikuwaga mtu wa shari. Sijisifu, wala sijitetei, nasema ilivyokuwa. Nilimzaba kofi kondakta wa basi aliyenivuta kanga, nikammwagia jirani yangu karai zima la maji ya dagaa, na pale kwenye yadi ya malori Temeke, nilikokuwa katibu wa ushirika, madereva wenye mikono mizito kama jeki walikuwa wakiniona nimenuna wananisalimia kwa mbali. Nilikuwa mwanamke peke yangu katikati ya wanaume watupu na grisi zao. Nilijiambia kwamba nisipokuwa mkali watanipanda kichwani.

Kilichonifanya niwe mbaya zaidi ni kifo cha kaka yangu. Alikuwa dereva wetu wa njia ya Kusini. Masika moja, ng'ambo ya Rufiji, lori lilipinduka likamlalia. Utingo wake alikwenda kwa miguu kutwa nzima kutafuta watu, akarudi nao wameshika majembe, na muda wote huo kaka alikuwa hai, kiuno chake kiko chini ya bodi, anaomba maji. Walipomchomoa akawafia mikononi. Habari ilitufikia yadini siku ya tano, naye kishazikwa. Utingo alipokuja kutupa pole nilimkaba koo mbele ya watu, nikamgonga kichwa kwenye ringi ya tairi, nikamgonga tena, mpaka madereva wawili wakanibandua. Hakuwa na kosa lolote yule. Nilikuwa nataka tu mtu wa kumuumiza.

Baada ya msiba ule ushirika ukaamua tupate redio ya upepo, moja ikae yadini na nyingine ng'ambo ya mto, ili lori likianguka watu wajue saa ileile. Serikali ikatupa leseni na masafa yetu wenyewe, njia yetu hewani ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Sharti lilikuwa moja: ndani ya mwaka mmoja mnara uwe umesimama na redio inasikika. Mwaka ukipita bila mnara, masafa yanarudi serikalini, wanapewa walio kwenye foleni. Sharti lenyewe halikuwa baya, maana wapo waliokuwa wakichukua leseni na kuikalia. Lakini mabomba ya mnara yalipatikana kwa kibali, na kibali chetu kililala ofisi hii, kikaamkia ofisi ile, mpaka mwaka ukabakiza wiki moja na sie tuna shimo la msingi tu, pembeni mwa gereji.

Nikaenda mjini kwa afisa wa leseni. Akaniambia muda huongezwa kwa mtu aliyeshindwa kwa sababu zisizo zake. Niandike barua, nieleze yote, na mjumbe wa nyumba kumi wa mahali yadi ilipo athibitishe kwamba ameona kwa macho yake kuwa kazi imeanza. Barua bila uthibitisho wa mjumbe haipokelewi. Mwisho ni Ijumaa saa nane mchana.

Nilipiga taipu kurasa tatu, tena kwa maneno makubwa makubwa, maana nilitaka mabwana wa mjini wajue kuwa Temeke nako kuna watu waliosoma. Jumatatu nikampelekea mjumbe. Alikuwa mzee mpole mwenye asili ya Kusini, kibarua wa kiwanda cha nguo, anayeongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Nikampa na kalamu kabisa. Akairudisha.

"Iache, mwanangu. Nitaisoma kwanza."

Jumanne nikarudi. Alikuwa bado yuko ukurasa wa kwanza. Jumatano akaja mwenyewe yadini na ufito, akashuka ndani ya shimo la msingi, akapima, akapanda, akaondoka bila kusema kitu. Madereva wakaanza kunong'ona kwamba huyu mzee anataka chai. Mmoja akachukua spana, akasema atakwenda kumtoa meno. Nikamnyang'anya spana ile kwa nguvu hadi ikamchana kidole, nikamwambia huyo mwacheni, huyo ni wangu. Na kweli nilishampania. Kila nikifikiria Ijumaa nilikuwa namwona kaka chini ya bodi la lori, na huyu mzee amekaa juu yake anapekua karatasi.

Alhamisi alasiri nilimkuta barazani kwake, barua iko juu ya kigoda, kidole chake kiko ukurasa wa tatu. Mkewe alikuwa anatwanga mahindi hatua mbili tu kutoka pale. Nikatoa shikamoo ya kubania meno.

"Marahaba. Nimebakiza kipande hiki," akasema. "Lakini hapa umeandika shimo lina futi sita. Nimelipima. Lina futi tano."

"Mzee, futi moja inakuuma nini?"

"Hainiumi. Ila mie ndiye ninayesema nimeona."

Nikaona ananizungusha. Nikaona ananifanya mtoto mdogo, mie niliyekuwa na siku moja tu, na kaka yangu yuko kaburini. Nikaivuta barua. Akaikandamiza kwa kiganja cha kulia, na alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Mkewe alikuwa amekwenda ndani kuchukua ungo, mchi kauacha kinuni. Nikauchomoa, nikaushusha juu ya ule mkono. Nikaushusha tena. Mara ya kwanza nilisikia mti umegonga kigoda, mara ya pili nikasikia mifupa.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, ndefu, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Aliyepiga kelele ni mkewe. Alinirukia akaning'ata begani mpaka meno yakakutana, akanibwaga, akanipiga kwa ngumi, kwa kiwiko, kwa kila alichonacho. Nami sikulala tu, nilimvuta nywele mpaka zikabaki mkononi. Majirani walipotutenganisha nilitema jino moja mchangani. Walitaka kunikokota hadi kituo cha polisi, na wawili walikuwa wameshanifunga mikono kwa kanga yangu mwenyewe.

Mkewe akaanza kulia na kusema hapohapo, mbele yao wote. Alisema miaka miwili mume wake anatoka kiwandani hana hata nguvu ya kula, anakwenda darasa la watu wazima. Alisema zamani karatasi zilikuwa zinakuja, watu wanamsomea wanavyotaka, yeye anabandika dole, na mara mbili walimdanganya, akatukanwa mkutanoni kwa jambo asilolijua. Barua yangu ilikuwa ya kwanza kumfikia tangu ajue kusoma. Akaapa hasomewi tena. Akanionyesha ukuta wa baraza nyuma ya kigoda, ambao nilikuwa nimeupita mara tatu bila kuutazama. Ulijaa jina lake kwa mkaa, toka juu mkono wake ulipofika hadi chini, herufi za juu zimepinda, za chini zimenyooka.

Mie, kusema kweli, nilitamani wanipeleke polisi haraka. Aibu iliyonishika ilikuwa inanichoma kuliko lile bega.

Mzee akawaambia wangoje. Mkono alikuwa ameupakata kwenye shuka, vidole vimeanza kuvimba na kuwa vyeusi. Jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni.

"Mwisho ni kesho?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Mfungueni. Wewe, nisomee kilichobaki."

Nikasoma, midomo imechanika, damu inadondokea kwenye kanga. Kila nilipofika kwenye maneno yangu makubwa alinisimamisha nimweleze maana yake, nami nikamweleza. Tulipofika kwenye shimo akasema, "Andika tano." Nikakata sita kwa wino, nikaandika tano.

Akaomba kalamu, akaijaribu kwa mkono wa kushoto juu ya kipande cha gazeti. Ilitoka mikwaruzo tu. Akajaribu tena, gazeti likachanika. Akaiweka kalamu chini taratibu. Mkewe alimwambia aache, asitusaidie, watu wenyewe wanyama. Akamjibu kwamba walioko njiani na malori hawajamkosea kitu. Kisha akavuta kibati cha wino wa mhuri wake, akachovya dole gumba la kushoto, akalibandika chini ya barua, huku amegeuza uso. Ndipo walipompeleka hospitali. Polisi hawakuitwa, yeye mwenyewe alikataa. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjuka tena maisha yake yote.

Ijumaa nilikuwa dirishani kwa afisa wa leseni kabla ya saa nne, uso umevimba, bega nimelifunga. Hakuniuliza, akaanza kusoma. Alipofika kwenye shimo akasimama.

"Nani amesahihisha hapa, sita kuwa tano?"

"Mie."

"Umefanya vizuri, ndugu katibu. Wengine wanatuletea minara ya uongo."

Akafunua ukurasa wa mwisho, akaliona lile dole, akakunja uso.

"Mjumbe wenu hajui kuandika?"

Nilijua nikisema kweli ataniuliza mkono umekuwaje, na barua haitakwenda tena kwa mkubwa wake. Masafa ya malori yalikuwa pale mezani, chini ya kiwiko chake.

"Hajui," nikasema.

"Wala kusoma?"

"Wala kusoma."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni mwa dole la yule mzee: Amesomewa, amekubali. Akagonga mhuri, na tukapewa miezi sita.