Siku Kijiji Kizima Kilipopatikana na Tumbo la Mbwa

"Mama, tumbo lako ni la mbwa."

Daktari aliniambia hivyo mbele ya watu, huku Rangwe, mwaka wa 1998. Sikucheka. Wiki hiyo nilikuwa nimetapika damu.

Ngoja nianze mwanzo, wajukuu wangu.

Daktari Makori na wenzake walikuwa wanatafuta chanjo ya kijidudu kinachokaa tumboni na kuchimba vidonda. Kwanza walitaka kujua nani anacho. Ukipatikana nacho, unapewa dawa papo hapo. Mimi tumbo lilikuwa limenichoma miaka saba, nikasema Mungu amenikumbuka.

Halafu wakagawa vikopo.

"Mtuletee choo," akasema.

Wueh! Choo chako umpe mgeni? Kwetu kila mtu anajua: jajuok, yule mchawi, akipata choo chako amekushika mzima mzima.

Lakini dawa tulitaka. Basi tukamwendea Milka, mke mwenzangu. Yeye ameokoka, mchawi atamfanya nini?

"Milka, nijazie na changu," nikambembeleza, na kipande cha sabuni mkononi cha kumshukuru.

"Weka hapo kwa foleni," akajibu na maringo.

Vikopo thelathini! Hakuna aliyejiuliza mwanamke mwembamba vile atatoa wapi.

Baada ya wiki mbili Makori akarudi. Akaanza na mimi, na neno lile la mbwa. Kisha akageukia wengine.

"Na nyinyi wote. Kijidudu cha vidonda hakuna. Minyoo ya mbwa, tele!"

Macho yote kwa Milka.

"Si umeokoka wewe?"

"Nimeokoka, sijawa mjinga! Mlitaka nirogwe mara thelathini? Nilichota cha Askari."

Askari, mbwa wetu, alikuwa amelala chini ya meza ya daktari. Akatikisa mkia.

"Basi wa kupewa dawa leo ni huyu tu," Makori akasema, akimnyooshea mbwa kidole.

Nikachukua kikopo kipya. Jirani yangu Leonida akanivuta leso.

"Utakufa, wewe!"

"Si nakufa tayari?"

Kesho yake nilileta changu mwenyewe, nimekifunika na kitambaa cha kanisa. Kijidudu kilikuwa kimejaa. Nikameza vidonge wiki mbili.

Mwezi uliofuata nilikula pilipili, hakuna moto. Wanawake kuona hivyo, wakapanga foleni, kila mtu amekumbatia kikopo chake.

Chanjo yenyewe sijui iliishia wapi. Najua tu mgonjwa wa kwanza kutibiwa alikuwa Askari.

Wajukuu wangu, daktari hatibu tumbo la kuazima.