Faili Zetu Walizozipeleka Mbali

Nikiikumbuka ile siku nakasirika upya, na sitaki kupoa.

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari huku juu kwenye mashamba ya chai. Wanafunzi walihifadhi kazi zao kwenye seva, mashine moja iliyokaa pembeni mwa maabara, na kompyuta zote zilizifungua kutoka hapo. Programu ya kushirikisha faili ilizeeka, ikaanza kukataa kompyuta mpya. Ikabidi tuchague nyingine.

Mimi nilishachagua. Nilipata programu ya bure ambayo faili zinabaki humo humo maabarani na kupita kwenye waya zetu wenyewe. Intaneti ikatike, isikatike, kazi inaendelea. Lakini mwenyekiti wa bodi alikuwa ameonyeshwa nyingine na shemeji yake mwenye duka Soin, kule chini kwenye joto. Hiyo ilipeleka kila faili mbali, kwenye mitambo ya watu, na bila intaneti hufungui kitu. Kwenye mkutano nikawaambia wanabodi kwamba hapa si Soin. Hapa mvua inanyesha karibu kila alasiri, na ikinyesha intaneti haipo. Walijua! Wamezaliwa kwenye mvua hiyo hiyo. Waliendelea kunywa chai.

Nilipoinua mkono tena, mwenyekiti akasema, "Hiyo maneno tumesikia, mwalimu. Tuombe."

Kwetu mkutano ukishaombewa umekwisha. Ukirudisha neno baada ya "amina", unaonekana unabishana na Mungu. Wote wakafumba macho, mkono wangu ukiwa bado juu kama wa mjinga, na uamuzi ukapita hivyo.

Ikafika siku ya mtihani wa majaribio. Kila mwanafunzi alitakiwa kumalizia mradi alioujenga muhula mzima, auchapishe, aukabidhi kabla ya jioni. Anayeshindwa anaondolewa kwenye somo. Mvua ya mawe ikaanza kugonga mabati kabla hawajafungua hata faili moja, na skrini zote zikasema hakuna mtandao. Nilikimbia kwa mwalimu mkuu kumsihi aahirishe. Alinijibu kwamba majina ya watakaosajiliwa kwa mtihani wa taifa yanatakiwa kesho yake, watoto wafanye vile wanaweza.

Palikuwa na msichana mmoja, wazazi wake wachumaji wa chai, ambaye kompyuta aliigusa shuleni tu. Alikuwa ametengeneza programu ya kupima maziwa ya wafugaji, na hakuna kazi darasani iliyoifikia. Aliikodolea macho skrini mpaka muda ukakaribia kuisha. Nilitamani alie, au anitukane, kwa sababu mimi nilikuwa karibu kupasuka.

Akaniuliza polepole, "Mwalimu, naweza andika tu jina yangu nipeane?"

Nikamwambia aandike. Karatasi ikatoka kwenye printa na jina lake juu, chini hakuna kitu. Muhula uliofuata walimhamishia somo la kilimo.