Mwezi wa Tatu Upi?

Nilikwenda mjini kwa sababu ya kadi moja ya posta na machozi ya mdogo wangu Riziki. Riziki alikuwa amefanya mtihani wa kuingia mafunzo ya ukunga, nasi tukaiandikia afisi ya mafunzo huko mjini kuuliza kama amefaulu. Wakatujibu kwa kadi: "Barua yako imepokelewa. Utapewa jibu kabla ya kwisha mwezi wa tatu." Basi tukangoja. Shangazi yeye hakungoja. Alileta posa ya mwanawe Haji na akataka jibu Ijumaa. Mama akakata shauri: serikali ikinyamaza mpaka Ijumaa, Riziki ataolewa, khalas. Haji si mtu mbaya, ila Riziki alitaka kupokea wana wa wenziwe kabla ya kuzaa wake.

Baada ya Riziki mwenyewe, aliyekuwa akilia tu, msomi wa nyumba nilikuwa mimi, madarasa manne kamili, kwa hiyo nikatumwa mimi. Sikukuu ya kuchinja ya Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, ilikuwa imepita wiki ile nyengine tu. Nikasema heri niende mwezi wenyewe ungalipo, wasije wakapata kisingizio.

Jumatano, alfajiri. Nilipanda gari kwetu Kidoti, gari la bodi ya mbao, nikakaa baina ya kapu la muhogo na mzee aliyekuwa akisinzia begani kwangu bila ya haya. Masika yalikuwa yamekolea. Kabla ya kufika Mahonda gari likazama matopeni, dereva akatuomba tushuke tusukume. Tulisukuma, tukateleza, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Lilipochomoka, kiatu changu cha kushoto hakikuchomoka nalo. Kiko huko mpaka leo.

Saa tatu, Mlandege, mjini. Nilibisha hodi kwa Bi Mize, shoga yake Mama tangu usichana wao.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Na kiatu chengine umemwachia nani?"

"Nimewaachia watu wa Mahonda."

"Makubwa! Utaingia afisini na kiatu kimoja?" Akanitolea makubadhi ya marehemu mumewe, makubwa yangeweza kubeba mizigo. "Yavae. Na usiseme kwa upole. Wapole hurudishwa."

Saa nne, afisini. Niliingia kwata, kwata, kwata, benchi zima likanigeukia. Karani alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Nilimpa kadi, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Ndugu, mwezi wa tatu umekwisha zamani. Huu ni mwezi wa nne."

Roho ilinitoka. "Wa nne vipi, na juzi tu tumechinja?"

Akanitazama, kisha uso ukamng'ara. "Aa! Kumbe nyinyi mmehesabu Mfunguo Tatu!"

"Na mwengine upo?"

"Basi kwa hesabu yako sisi hatujachelewa!"

"Kwa hesabu yangu bado siku kumi."

"Alhamdulillahi!" Akainuka, akamwita mwenziwe wa chumba cha pili. "Huyu yumo ndani ya muda! Hatujachelewa!" Nadhani afisi ile haikuwa imezoea kuwahi, maana mwenziwe alikuja mbio kuniona kwa macho yake.

Kwa furaha hiyo akaanza kutafuta. Alifungua kabati, akafungua mtoto wa meza, akapuliza vumbi, akapiga chafya mara tatu, kisha akatoa bahasha iliyoandikwa vizuri kabisa, jina na kijiji: Riziki binti Makame. Stempu juu yake. Haikuwahi kufika posta.

"Na hii mbona imelala hapa?"

"Hata mimi nnajiuliza," akasema, na masikini, nilimwamini.

Nikaichana pale pale. Amekubaliwa! Nilipiga kigelegele ndani ya afisi ya serikali, na mama mmoja wa benchini, ambaye hata hakujua kuna nini, akanipokea. Karani naye anacheka, huku amechungulia karatasi begani kwangu. Ghafla akaacha kucheka. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Athibitishe kabla ya kwisha mwezi wa tatu. Asipothibitisha, nafasi atapewa mwengine.

"Loo. Ndugu yangu, mmechelewa."

Nilimwona Riziki, nikaiona Ijumaa. Halafu nikakumbuka alivyokuwa akishangilia dakika mbili nyuma, na hasira ikanipanda pamoja na kicheko, vyote kwa mpigo.

"Mwezi wa tatu upi?" nikamuuliza.

Akaigeuza karatasi, akatafuta nyuma yake.

"Mjibu!" akapaza sauti mzee mmoja wa benchini, akimtazama karani. "Umesema mwenyewe hamjachelewa. Ikiwa nyinyi hamjachelewa, yeye kachelewaje?"

"Mwezi wa tatu upi?" benchi zima likaitikia. Karani akavua miwani, akaipangusa, akaangua kicheko. Akanipa kalamu niandike uthibitisho, akaugonga muhuri kwa kishindo. Akasema Riziki aripoti Jumatatu.

Alasiri, njiani. Nilicheka peke yangu mpaka abiria mwenzangu akahama kiti. Riziki alikuwa kituoni ananisubiri, macho mekundu.

"Wamenikataa?"

"Wamekukubali siku nyingi, mjinga wewe! Ulikuwa ukilia bure."

Akanikumbatia, akanipiga, akanikumbatia tena.

Nilichojifunza ni hiki: jibu lako laweza kuwa limeshaandikwa, zuri, lina hata stempu, nalo limelala kabatini kwa watu wasiokuwa na uovu wowote. Lifuate, usingoje.

Magharibi, nyumbani. Mama hajui kusoma. Alizaa saba, tumebaki wawili, na siku zote hizo hakuwahi kuwa na mkunga ila jirani. Nilimsomea barua mara tatu. Akaniuliza jina la Riziki liko wapi, nikamwekea kidole pale. Akalipapasa mpaka mchuzi ukaanza kuungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

"Kesho mapema nnakwenda kwa shangazi yenu," akasema mwisho. "Nikamwambie mwanangu ana barua."