Msingi wa Bi Somoe Chini ya Mkorosho

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya ardhi Nachingwea, nilivaa viatu vya kung'aa kama bwana harusi. Mkuu wangu, Afisa Mipango Miji, aliniangalia miguuni, akacheka, akanituma vichakani kutafuta bikoni, zile nguzo fupi za zege zinazoonyesha pembe za kiwanja. Nilirudi mwekundu kwa vumbi mpaka kope. "Mtu akitaka kuongeza vyumba," akaniambia, "tazama mchoro, kisha kaone bikoni. Maneno yake yasikilize mwisho." Mchoro ndio unaosema hapa makazi, hapa soko, hapa njia.

Baadaye nilihamishiwa Ruangwa. Huko alikuja Bi Somoe, mjane, kuomba kibali cha vyumba viwili vya uani. Binti yake alikuwa ameachika, anarudi na watoto, na nyumba ilishajaa. Tena msingi keshachimba! Haya, tukaenda kuona.

Kiwanja kilikuwa cha makazi, kuongeza vyumba ruksa, mradi aache nafasi mpakani. Ila msingi ulikuwa nje ya bikoni, ndani ya njia iliyochorwa. Alikuwa amepima kwa mkorosho wake. Wazee wengi wa huku huhesabu hivyo: matawi yanapofika, ndipo na shamba lako linapofika.

"Korosho zikidondoka hapa naokota mimi," akasema. "Leo unaniambia si kwangu?"

"Korosho ni zako, mama. Ardhi ni ya njia. Siku wakiifungua watakuwekea X ukutani, alama ya kubomolewa, na wajukuu watalala wapi?"

Alininunia kweli kweli. Mti ule aliupanda marehemu mumewe, nami nilimwonea huruma. Tukapima upya pamoja, vyumba tukavigeuza vikakaa ubavuni mwa jiko, ndani ya bikoni. Mkorosho ulipoteza tawi moja tu. Binti akahamia kabla ya masika.

Sasa nimestaafu, nalima mbaazi zangu Nachingwea, na roho yangu imetulia. Nyie vijana mna simu zinazoonyesha mipaka. Hongereni, lakini bikoni kaioneni kwa macho.

Juzi nilipita Ruangwa. Njia imefunguliwa, na kuta kadhaa zina X nyekundu. Nyumba ya Bi Somoe haina, siwafichi, nilifurahi. Mwenyewe nilimkuta barabarani ameinama na kikapu, bodaboda zinamkwepa.

"Njia nimewaachia, mwanangu," akasema bila kuinuka. "Korosho bado naokota mimi."