Sabuni Kati ya Mageti Mawili

Mkamwana wangu, huyu wanayemwita Povu, hupika sabuni ya mche inayong'arisha mpaka makaa. Huikata nzito makusudi, maana sabuni mbichi hunywea ikikauka.

Safari hiyo alijaza lori kumpelekea dobi mkubwa wa nchi jirani. Dobi alishamwambia, "Isipofika Jumamosi, dada, nachukua ya mwingine." Wasiwasi wa nini? Nchi zetu zina soko moja; kilichopimwa huku hakisumbuliwi kule. Ndivyo tulivyoambiwa.

Geti letu likamgongea muhuri, akapita. Kwenye geti la kule mkaguzi akaweka mche kwenye mizani.

"Mama, umezidi uzito ulioandikwa."

"Utakauka, mwanangu."

"Kanuni mpya. Uzito uwe uleule siku ya kuvuka."

"Imeanza lini?"

"Jana."

Povu akageuza lori. Geti letu nalo likagoma: sabuni imeshatoka nchini, ikirudi ni ya kigeni, na ya kigeni inataka cheti cha kule!

Basi Povu akakwama kwenye kipande cha lami, mbele geti, nyuma geti. Akaanika sabuni juu ya turubai. Jua la pale, nawaambieni, hukausha hata vivuli. Mche ulipofikia uzito akakimbilia mizani. Mkaguzi kaenda kula. Aliporudi akapima.

"Sasa umepungua, mama."

"Ulikuwa sawa wakati wewe unatafuna!"

Madereva wa sabuni za watu wengine, nao wamekwama nyuma yake, wakacheka mpaka matairi yakalegea.

Ijumaa akafika bibi mmoja wa ofisi ya soko la pamoja. Akasema kanuni ya namna hii jirani huambiwa kabla haijaanza, apate kuipinga. "Nikipata mlalamikaji naisimamisha leo. Ila mzigo wake utabaki hapa kama ushahidi mpaka nchi zote mbili zijibu."

Kila dereva akarudi kwenye lori lake. Mkaguzi akamvuta Povu pembeni.

"Mama, nyamaza tu. Wako naupitisha sasa hivi."

"Na safari ijayo?"

"Safari ijayo tutapima, mama."

Povu akarudi kwa yule bibi. "Mlalamikaji ni mimi."

Geti likafunguliwa. Malori yakapita moja moja, honi juu. Dereva wa tatu akachungulia dirishani.

"Asante, mama! Dobi kanipigia, anataka zangu."

"Haya, nenda baba," akasema Povu, akivuta turubai juu ya miche yake. "Mwambie asizoee kunisahau."