Hodhi Jeupe la Karani wa Stesheni

Hata sasa nikikumbuka najikasirikia. Mimi ni karani wa stesheni hapa Voi, na nyumbani kwetu Mbololo nilikuwa nimechoka kuogea karai nyuma ya migomba. Meneja mmoja wa shamba la mkonge alipouza vyombo vyake, nikachagua vya bafuni: kioo, mifereji miwili ya shaba, na hodhi jeupe la chuma la mtu kuoga akiwa amelala. Wanaume sita walilipandisha mlimani wakinilaani.

Mifereji nikaipigilia ukutani. Kwamba nyuma yake hapakuwa na bomba, na kwamba hodhi lile lingemeza mitungi ishirini kutoka mtoni, mke wangu ndiye aliyenikumbusha, na si kwa upole. Nikarudia karai langu kimyakimya. Lakini kanisani, mjinga mimi, niliwaambia wazee wenzangu kwamba siku hizi naoga nimelala, kila jioni.

Jumapili Mchungaji akaja kujionea. Nikafungua mlango wa bafu kwa madaha, na harufu ikatulaki. Hodhi lilikuwa limejaa pombe ya miwa, inatoa povu, na mama yangu anaikoroga kwa ajili ya posa ya binamu yangu.

"Mama, ni nini hiki?" nikauliza, kwa ukali wa mzee wa kanisa.

Mama hakuacha kukoroga. "Ni chombo kizuri, mwanangu, tena kisafi. Tangu kije sijaona mtu akioga humu hata siku moja."