Hapa Ulie Kidogo

Nilimpa mkono. Baya kuliko yote ni hilo: nilimpa mkono, grisi na yote, pale gereji Ras Al Khor, huku ughaibuni, naye akaniita ndugu yangu. Alikuja kutafuta injini kuukuu apeleke nyumbani. Tumbo limemtangulia, tasbihi mkononi. Nikamtajia bei, akasema, "Sema tena, nisikie vizuri." Sauti ile!

Zamani kwetu alikuwa kapteni wa jeshi na mwendesha mashtaka, karudi kutoka Urusi na ufundi wake wa kesi: hukumu kwanza, mashahidi baadaye. Kaka yangu, fundi wa redio, alishtakiwa uhaini kwa kusikiliza idhaa za nje. Mie nilikuwa kijana nisiyejua kusoma. Kuandika huku nimejifunzia ukubwani. Wakanitia ndani niungame kwamba tulikula njama. Kapteni akanikaririsha kila asubuhi kama mtoto wa chuo cha Kurani, kiboko mkononi. "Sema tena, nisikie vizuri." Nikayameza yote kama yalivyotoka kinywani mwake.

Siku ya kesi ukumbi umefurika, redio inarusha nchi nzima. Nikapaza sauti:

"Kaka yangu alinipa bunduki, hapa ulie kidogo, tukaapa kuipindua serikali, sasa mtazame hakimu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata kaka, kizimbani, pingu mikononi, alicheka mpaka akainama. Hakimu akazinduka usingizini, akagonga meza, akamhukumu kifo vilevile. Mtangazaji wa redio akatuwekea muziki wa gwaride. Wakamtoa kaka mlango wa nyuma, bado anacheka. Maiti hatukupewa, wala kaburi hatukuonyeshwa. Mama alikufa akiuliza.

Basi pale gereji nikamwambia, "Kapteni, hapa ulie kidogo."

Tasbihi ikasimama.

"Bwana wee, yale yalikuwa mambo ya serikali. Khalas, yamepita."

"Serikali haikushika kiboko. Ulishika wewe. Kaka yangu mmemzika wapi?"

"Inshallah tutazungumza." Akajirusha ndani ya gari la mwanawe, kiyoyozi kinavuma, wakashika njia ya Mirdif. Injini kaiacha.

Hakimu amekufa kitandani kwake, kashiba. Mtangazaji naye kafa. Umebaki wewe, Kapteni, na meno yote unayo. Pole yako siitaki. Kaka yangu yuko wapi? Sema, nchi nzima isikie vizuri, na safari hii hakuna wa kukukaririsha.